Kura ya Kwanza na Kura ya Mwisho

Jioni moja mwishoni mwa likizo ya Desemba, wanawake wa mtaa wetu walikusanyika barazani kwangu kupanga zamu za upatu. Tulikuwa 10, kila mmoja amekubali kutoa shilingi elfu 20 kila Jumamosi, na mama mwenye genge alisema atacheza majina mawili, kwa hiyo vikaratasi vikawa 11. Tulivikunja, tukavitia katika bakuli la kijani ambalo siku zote hulitumia kukandia unga, kisha, kama ilivyo desturi yetu, tukamtafuta mtoto wa kuvitoa, kwa kuwa mkono wa mtoto haudhaniwi hila. Aliyekuwa karibu ni binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye alikuwa amekuja kukaa nami likizo nzima.

Alitumbukiza mkono, kisha akatulia.

Mkono ulikaa ndani ya bakuli hata mama mwenye genge akamhimiza, "Toa, mwanangu, tuna watu wanatusubiri wale." Akatoa kikaratasi cha kwanza, akakikunjua, akasoma jina kwa sauti ndogo. Mwenye jina akapiga kigelegele. Viliposomwa vyote na wageni kuondoka, alinifuata jikoni akaniuliza: "Shangazi, hii kura tuliyopiga leo na ile waliyopiga mwisho wa kitabu, ni kura moja?"

Usiku uliotangulia alikuwa amemaliza juzuu ya tatu ya The Hunger Games ya Suzanne Collins. Nilimjibu kwamba hapana, ni mambo mawili tofauti, nikaendelea kumenya vitunguu. Jibu lile halikunitosheleza hata mimi niliyelitoa, na tangu siku hiyo limekuwa likinirudia kila ninapoliona lile bakuli.

Neno moja

Kiingereza, lugha ambayo vitabu hivi viliandikwa, kina maneno mawili yasiyofanana kwa jambo ambalo sisi tunaliita kwa jina moja. Kuna neno la kutoa kikaratasi bila kuangalia ili bahati iamue, na kuna neno la mtu kutoa kauli yake ili wengi waamue. Sisi tunasema kura. Tunapiga kura kujua nani atatangulia kupokea upatu, na tunapiga kura kujua nani atatuongoza. Msomaji wa Kiingereza anaweza kuisoma trilojia yote, iliyotoka kati ya 2008 na 2010, bila kuona kwamba inaanza na kufikia kilele chake kwa tendo lenye jina moja. Msichana wa miaka 15 anayeisoma kwa Kiingereza na kuifikiri kwa Kiswahili aliliona hilo akiwa ameshika bakuli.

Wenye kuzijua riwaya hizi hawahitaji kusimuliwa upya; kwa wasiozijua, Panem ni nchi ya kubuni ambayo mji wake mkuu, Capitol, kila mwaka huzilazimisha wilaya zake kutoa watoto kwa kura wauane katika michezo. Nitakumbusha mandhari mawili tu. La kwanza ni uwanja wa Wilaya ya 12 Siku ya Mavuno, ambapo jina la Prim, mwenye miaka 12, linatolewa katika chombo cha kioo, na dada yake Katniss anajitolea kwenda uwanja wa mauaji badala yake. La pili liko karibu na mwisho wa juzuu ya tatu, vita vikiwa vimekwisha, ambapo washindi saba wa michezo hiyo waliobaki hai wanaketi mezani na Rais Coin, kiongozi wa waasi walioiangusha Capitol, anawataka wapige kura: je, watoto wa Capitol nao waingizwe katika michezo ya mwisho, kama walivyoingizwa watoto wa wilaya kwa miaka 75?

Nimesoma na kusikia mengi kuhusu vurugu ya vitabu hivi, kuhusu mapenzi ya pembe tatu, na kuhusu kamera na watazamaji. Hayo yana nafasi yake. Mimi nimebaki na vikaratasi.

Hesabu nyuma ya daftari

Wiki mbili kabla ya ule upatu, tukichambua mchele, binti huyu alinionyesha hesabu aliyoiandika kwa penseli nyuma ya daftari lake la jiografia. Mtoto wa Panem huingiza jina lake mara moja anapofika miaka 12, mara mbili akiwa na 13, na kuendelea hivyo hadi miaka 18. Lakini mtoto maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake kwa kubadilishana na tesera, yaani posho ya nafaka na mafuta ya mwaka mmoja kwa mtu mmoja, na majina hayo hayafutwi mwaka unapoisha. Katniss alichukua tesera yake, ya mama yake na ya Prim. Vikaratasi vinne kwa mwaka, kwa miaka mitano. Gale, rafiki yake wa mawindo, ana mama na wadogo watatu. Sita kwa mwaka, kwa miaka saba.

Chini ya mstari alikuwa ameandika: Prim 1, Katniss 20, Gale 42.

Niliishika ile karatasi muda mrefu. Sikumbuki hotuba yoyote kuhusu umaskini iliyowahi kunieleza jambo kwa uwazi wa namba zile tatu. Katika upatu wetu, mama mwenye genge alikuwa na vikaratasi viwili kwa kuwa anatoa fedha mara mbili na atapokea mara mbili, na kikaratasi kikitoka, mwenye jina hupiga kigelegele. Collins ameuchukua upatu akaupindua juu chini: mwenye vikaratasi vingi ndiye mwenye njaa kuliko wenzake, tena kila kibaba anachokula leo ameshakilipia kwa kuisogeza shingo yake karibu zaidi na kisu.

Neno tesera lenyewe si la kubuni. Katika Roma ya kale, tessera lilikuwa pia jina la kibao kidogo kilichompa raia haki ya kupokea mgao wa nafaka. Jina la nchi, Panem, limetoka kwa mshairi Juvenal, aliyelalamika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba watu wa Roma hawatamani tena kitu ila mkate na michezo. Maneno hayo mawili yanakaririwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba, mistari miwili mitatu kabla ya kuutaja mkate, Juvenal anazungumzia kura: watu hao, anasema, waliacha kujishughulisha na mambo ya nchi tangu kura zao zilipokosa mnunuzi. Kwa hiyo katika shairi lake kura ya kuchagua imekwishapotea kabla mkate haujatajwa, na Panem imeanza pale Juvenal alipoishia.

Shaka yangu juu ya jina la Prim

Kwa siku kadhaa jambo moja lilinisumbua kiasi cha kutaka kumlaumu mwandishi. Ikiwa amejenga kwa uangalifu mtambo unaowasaga maskini zaidi, kwa nini kura inamwangukia mtoto mwenye kikaratasi kimoja? Wilaya nzima ina maelfu ya vikaratasi. Kwa hesabu ya daftari lile, aliyepaswa kuitwa ni mtu kama Gale. Nilihisi mwandishi ameihini hoja yake mwenyewe kwa ajili ya kisa chenye kusisimua.

Nimebadili mawazo, na aliyenibadilisha ni binti wa meya. Asubuhi ile ya Siku ya Mavuno, Gale anamwona Madge amevaa gauni zuri jeupe, anamsema kwa uchungu: wewe una vikaratasi vitano labda, mimi nilikuwa na sita nikiwa na miaka 12. Msomaji wetu atalitafsiri tukio hilo papo hapo kwa methali yetu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini Madge anamjua Katniss vizuri, hununua stroberi zake na kula naye chakula cha mchana shuleni. Tena siku nyingine, wakiwa msituni, Gale mwenyewe amekuwa akieleza kwamba tesera ni chombo cha kupanda chuki kati ya wanaolala njaa na wenye uhakika wa chakula cha usiku, wasije wakaaminiana.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kikaratasi cha Prim. Mtambo ule hauwezi kuwala maskini peke yao, kwa sababu ukifanya hivyo utaonekana wazi kuwa ni mtambo. Lazima mara mojamoja umtwae mwenye kikaratasi kimoja, hata binti wa meya awe na hofu kidogo, ili kila mtu aendelee kuita bahati mbaya kile ambacho ni sheria iliyoandikwa na watu. Jina la Prim lilipotoka, umati wa Wilaya ya 12 ulinung'unika kama unavyofanya siku zote akiitwa mtoto wa miaka 12, kwa kuwa wote waliona si haki. Siku ambayo lingetoka jina la Gale, nani angenung'unika? Wangesema alikuwa na 42.

Waliofikiwa na kura kabla ya kura

Tarehe 1 Desemba 1969, mjini Washington, vijaluba 366 vya plastiki ya bluu vilitiwa ndani ya chombo cha kioo, kila kimoja kikiwa na tarehe ya mwaka, na televisheni ikarusha tukio moja kwa moja. Kilichotolewa kwanza kilikuwa na tarehe 14 Septemba. Vijana wa kiume wa Marekani waliozaliwa kati ya 1944 na 1950, ambao siku yao ya kuzaliwa ni hiyo, wakawa wa kwanza katika orodha ya kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Vijaluba havikuchanganywa vizuri, na waliozaliwa miezi ya mwisho ya mwaka walijikuta mbele katika orodha kuliko ambavyo bahati peke yake ingewaweka. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliweza kuahirishiwa wito wake. Mtoto wa fundi ambaye hakupata nafasi ya chuo hakuwa na kinga hiyo.

Baba yake Collins alikuwa mwanajeshi wa anga aliyekwenda Vietnam wakati binti yake akiwa mdogo. Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba wazo la hadithi lilimjia usiku mmoja akibadilisha idhaa za televisheni, hapa vijana wakishindana kwa zawadi, pale picha za vita vya Iraki. Ametaja pia kisa cha Wagiriki cha vijana wa Athens waliopelekwa Krete kuliwa na zimwi liitwalo Minotaur. Chombo cha kioo cha 1969 ni mimi ninayekiweka kando ya chombo cha kioo cha Wilaya ya 12, na sidai kwamba yeye alikikusudia. Ila nikishaviweka pamoja, siwezi tena kuvitenganisha.

Kuna jambo jingine la mwaka ule linalolijibu swali la binti wa kaka yangu vizuri kuliko nilivyolijibu mimi jikoni. Mwaka 1969, katika sehemu kubwa ya Marekani, umri wa kupiga kura ulikuwa miaka 21. Kijana wa 19 aliweza kutolewa kwa kura akapelekwa vitani, na hakuwa na kura ya kumchagua wala kumkataa aliyempeleka. Katiba ilirekebishwa mwaka 1971, umri ukashushwa hadi 18, na hoja iliyorudiwa zaidi katika madai hayo ilikuwa ndiyo hiyo.

Turudi Panem. Watoto wanaoingizwa katika kura ni wa miaka 12 hadi 18.

Hiyo ndiyo miaka ambayo, katika nchi nyingi za dunia, mtu ana akili ya kuelewa anachofanyiwa lakini hana kura. Nadhani hapa ndipo riwaya za distopia, yaani za jamii ya kubuni iliyoharibika, zinapowashika vijana barabara, kuliko kwenye mapigano na mavazi ya ajabu. Katika The Giver ya Lois Lowry, ya 1993, wazee humpangia mtoto kazi ya maisha yake anapofika miaka 12. Katika Divergent ya Veronica Roth, ya 2011, kijana wa Chicago anapewa uchaguzi akiwa na miaka 16: anadondosha damu yake katika bakuli moja kati ya matano. Wengi wamesifu kwamba huyu angalau anachagua. Mimi ninaona bakuli tano zilizojazwa na wengine kabla hajazaliwa, uchaguzi wa siku moja usiorudiwa maisha yote, na aibu kwa atakayeshindwa.

Vijana wa Thailand waliliona hili mapema. Baada ya jeshi kutwaa madaraka tarehe 22 Mei 2014, waliinua vidole vitatu mitaani, ishara ambayo katika Wilaya ya 12 hutolewa mazikoni kumuaga mpendwa, na watawala wakawaonya kwamba watakaoinyanyua wanaweza kukamatwa. Uchaguzi wa Februari mwaka huohuo ulikuwa umekwishabatilishwa na mahakama. Na katika nchi hiyohiyo, kila Aprili, wanaume wanaotimiza miaka 21 huitwa kutoa kadi ndani ya chombo: nyeusi arudi nyumbani, nyekundu aingie jeshini. Aliyemaliza mafunzo ya kijeshi ya wanafunzi akiwa sekondari huachiliwa. Kijana mwenye kura iliyofutwa na kadi inayomsubiri hahitaji mwalimu wa fasihi amfafanulie sura ya kwanza ya The Hunger Games.

Watu saba mezani

Sasa ile kura ya mwisho.

Coin anawaeleza washindi kwamba uamuzi utakuwa wa wengi, kura nne zatosha, na hakuna anayeruhusiwa kujizuia. Peeta anakataa papo hapo. Johanna anakubali, Enobaria anakubali. Annie anakataa. Beetee anakataa. Wamebaki wawili. Katniss, mwenye miaka 17, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuulizwa ila kwa njia ya chombo cha kioo, kwa mara ya kwanza ana kura ya namna ya pili. Anakubali. Anasema ni kwa ajili ya Prim, ambaye ameuawa kwa bomu wiki kadhaa kabla. Haymitch anasema yuko pamoja naye, na nne zimetimia.

Nilipoisoma mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, nilijifariji kwamba alikuwa anadanganya. Kwa kuwa muda mfupi baadaye anapewa upinde amuue Rais Snow, mtawala wa Panem aliyeshindwa, naye anaugeuza mshale na kumuua Coin, nilisema kura ile ilikuwa mbinu ya kumfanya Coin amwamini. Ni ufafanuzi unaopendwa na wasomaji wengi. Unamwacha Katniss akiwa safi.

Likizo hii niliurudia ukurasa huo mara tatu, na faraja yangu haikustahimili. Kitabu kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Tumekuwa ndani ya kichwa cha msichana huyu juzuu tatu, tukijua njaa yake, ndoto zake, hata wivu wake. Kisha katika dakika hii moja mwandishi anatufungia mlango. Hatuambiwi ni hila, hatuambiwi ni kisasi. Tunachoambiwa ni wazo lililompitia kabla ya kusema: anajiuliza kama miaka 75 iliyopita ilikuwa hivihivi, watu wachache wakaketi mezani wakapiga kura kuanzisha michezo, na kama yupo mmoja wao aliyeomba huruma akazidiwa sauti.

Hilo ndilo jibu ambalo sikuwa nalo jikoni. Tumezoea kudhani kura ya bakuli ni ya nyakati za udhalimu na kura ya kauli ni ya nyakati za uhuru, na kwamba hadithi inatutoa ya kwanza na kutufikisha ya pili. Katniss anaona kwamba ya pili ndiyo iliyoizaa ya kwanza. Kabla kikaratasi chochote hakijakunjwa, walikuwapo watu wazima waliohesabu kauli, wakapata wengi.

Kwa hiyo sijui tena kumsafisha, na nimeacha kutaka. Alikuwa na msiba wa wiki chache, alikuwa mbele ya mtu anayemshuku kuwa ndiye aliyemuua mdogo wake, na mkononi alikuwa na haki ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha kuitumia. Huenda hila na kisasi vilikuwa ndani ya neno lilelile. Nimekaa misibani vya kutosha kujua kwamba mfiwa anaweza kusema jambo, likawa kweli na uongo kwa pamoja.

Simu ya Jumapili

Shule zilipofunguliwa, binti wa kaka yangu alirudi kwao, na jambo hili likabaki kwangu. Jumapili iliyopita alinipigia kwa simu ya mama yake. Baada ya shikamoo na habari za mitihani aliniambia kwamba ameazima tena juzuu ya tatu, na kwamba safari hii hakumwangalia Katniss, aliwaangalia wale watatu waliokataa.

"Shangazi, umesoma alivyosema Annie?"

Nilimwambia anisubiri, nikaenda kukichukua kitabu rafuni. Annie ana mistari michache sana katika ukurasa ule. Mume wake, Finnick, ameuawa katika vita hivyohivyo vilivyomuua Prim. Anasema anakataa, yuko pamoja na Peeta, na kwamba Finnick naye angekataa kama angekuwapo.

"Wote wawili wamewapigia kura maiti wao," alisema. "Katniss kasema ndiyo kwa ajili ya Prim. Annie kasema hapana kwa ajili ya Finnick. Sasa Prim mwenyewe, aliyekuwa anatibu watu, angesema ndiyo?"

Nilimuuliza yeye anaonaje. Alikaa kimya, nikasikia mama yake akimwita aje kuteka maji kabla hayajakatika, akaniambia atanipigia Jumapili nyingine.